Motokaa Inapochemsha: Uliza Kwanza, Fungua Baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule, niwape wanafunzi somo moja juu ya motokaa inayochemsha. Mimi si mwalimu. Ni fundi wa motokaa, na zamani nilikalia madawati hayo hayo mnayoyakalia ninyi sasa. Nimelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wenu mtaendesha magari siku moja, na wazee wa shule hii wanayo tayari. Ya pili, niliona gari moja likichemsha mpaka likafa, na sababu yake nilikuwa nimefundishwa darasani, nami nilikaa ndani ya gari lile kama mtu asiyesoma kitu.

Mwaka 1997 nilikwenda likizo kwa baba yangu mkubwa, karibu na Kabale. Alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Alipeleka viazi ulaya Kampala, safari ya zaidi ya kilometa 400, akarudi na sabuni, mabati na saruji. Pikapu ile ndiyo iliyolipa ada ya watoto wake watatu. Likizo ile mimi nilikuwa taniboi wake.

Gari lilikuwa na ugonjwa. Katika barabara ya tambarare, kutoka Masaka mpaka Mbarara, halikutusumbua. Lakini tulipoanza kupanda vilima vya Kigezi na mzigo wetu, sindano ya joto nayo ilipanda, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Baba mkubwa alisimama, akangoja, akaongeza maji ya kijito, tukaendelea. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza rejeta. Ilikunywa lita mbili, siku nyingine tatu. Nilipoinama kutazama chini ya gari, nilikuta pakavu.

Mafundi hawakukosekana. Wa kwanza alisema ni themostati, akaing'oa na kuitupa. Wa pili alisema ni rejeta, akaishusha na kuiosha. Wa tatu alisema ni pampu ya maji, tukanunua pampu mpya. Kila mmoja alilipwa fedha zake, na gari likaendelea kuchemsha. Hapana hata mmoja aliyeuliza: "Je, linachemsha wakati gani na mahali gani?"

Siku moja niliona tunachelewa kwa kungoja lipoe. Nikazungusha kitambaa mkononi, nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji ya moto na mvuke viliruka kupita kichwa changu. Namshukuru Mungu nilikuwa nimegeuza uso, lakini alama za mkono wa kulia ninazo mpaka leo.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapanda tena, tumepakia mabati na saruji. Sindano ilifika penye rangi nyekundu. Kisha kwa ghafula ikashuka mpaka chini kabisa. Baba mkubwa alifurahi.

"Waona, mwanangu? Limepoa lenyewe."

Nami nilifurahi pia. Tulikwenda kama kilometa tatu. Injini ikaanza kugonga, nguvu zikaisha, ikasimama. Tulipoijaribu tena haikuzunguka hata kidogo.

Tulivutwa na lori kurudi Ntungamo, kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa na gereji ya mabati. Mzee yule hakushika spana. Aliketi juu ya tairi akatuuliza maswali matatu. "Lilikuwa likichemsha wapi? Lilikunywa maji kiasi gani kwa siku? Na kifuniko cha rejeta mlikibadili lini?" Baba mkubwa alijibu la kwanza na la pili. La tatu hakuweza kulijibu, maana hakuna aliyepata kukifikiri kifuniko. Mzee alikichukua, akakigeuza, akaubonyeza mpira wake kwa ukucha. Ulikuwa mgumu kama gome la mti, tena umepasuka mahali pawili.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba mkubwa, "hiki ndicho kilichokula injini yako."

Silinda hedi ilikuwa imepinda, na pistoni mbili zimekwama. Kuitengeneza kungalipita thamani ya pikapu yenyewe. Iliuzwa kama chuma chakavu. Mtoto wa pili wa baba mkubwa hakurudi shuleni muhula ule; alirudi mwaka uliofuata, wenzake wakiwa mbele yake. Mimi hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba jambo lile nililisoma, na katika mtihani nilijibu swali lake vizuri.

Sasa tuingie katika somo.

JOTO LATOKA WAPI, NALO LAENDA WAPI

Petroli inapoungua ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000 za Sentigredi. Aluminiamu, ambayo silinda hedi nyingi zimetengenezwa nayo, huyeyuka kwenye digrii 660. Basi bila kitu cha kuliondoa joto, injini ingejiharibu yenyewe kwa muda mfupi. Kwa hesabu ya kukisia, theluthi moja ya nguvu za petroli huendesha gari, theluthi moja hutoka pamoja na moshi, na theluthi ya mwisho huchukuliwa na maji.

Maji hayo husukumwa na pampu, yakazunguka silinda. Yakiwa bado baridi, themostati hufunga njia ya rejeta ili injini ipate moto upesi. Ndani ya themostati mna nta. Maji yanapofika digrii 82 hivi, nta huyeyuka na kutanuka, ikasukuma mlango ukafunguka. Hapo maji hupita katika rejeta, ndani ya vijia vyembamba, na upepo wa safari au wa feni huyapoza. Kisha hurudi kwenye injini kuanza safari upya.

KAZI YA KIFUNIKO

Wengi hudhani kifuniko cha rejeta kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike, kama kifuniko cha chupa. Kumbukeni somo la fizikia. Maji huchemka kwenye digrii 100 kando ya bahari tu. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo huchemka mapema zaidi. Kampala, penye mita 1,200 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 96. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye digrii 93 au 94.

Kifuniko kina springi na mpira. Huyafungia maji ndani, msukumo ukaongezeka, na maji yakachelewa kuchemka. Juu ya vifuniko vingi mmeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ndicho kipimo cha msukumo wake. Kifuniko kizima cha 0.9 huongeza digrii 20 hivi. Basi hata Kabale, maji yaliyofungiwa vema hayachemki mpaka yapite digrii 110.

Sasa fanyeni hesabu. Injini inayopanda mlima na mzigo yaweza kuwa na maji ya digrii 95 au 100 bila ya kuwa na ubaya wowote. Kifuniko kikiwa kizima, maji yametulia. Mpira wake ukipasuka, maji yale yale yatachemka, kwa kuwa Kabale mpaka wake ni digrii 93. Ndiyo sababu pikapu yetu ilikuwa salama tambarare na ikaugua mlimani. Huko juu injini ilitoa joto zaidi, na maji yalichemka mapema zaidi. Mambo hayo mawili yalikutana, na kifuniko hakikuwapo kuyatenganisha.

Na kwa nini chini ya gari palikuwa pakavu? Kwa sababu maji hayakuvuja gari likiwa limelala. Yalitoka njiani, kwa kijipaipu kilicho shingoni mwa rejeta, yakamwagika barabarani tukiwa tunakwenda. Gari lenye chupa ya akiba huyapokea maji hayo, kisha injini inapopoa kifuniko huyanyonya kurudi ndani. Letu halikuwa na chupa.

Na sindano je? Kifaa kinachopima joto lazima kizame ndani ya maji. Maji yakiisha, kifaa hubaki katika nafasi tupu, na sindano hushuka ingawa chuma kinawaka. Kwa hiyo, sindano inayotoka penye nyekundu na kuanguka chini kwa ghafula haileti habari njema. Simama hapo hapo, zima injini. Tungalifanya hivyo siku ile, labda injini ingalipona.

ULIZA: LINACHEMSHA WAKATI GANI?

Joto ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Nanyi mwulizeni dereva.

1. Kama lachemsha likisimama au likienda polepole mjini, nalo likienda kasi hupoa, shuku feni. Katika mwendo wa kasi upepo wa safari hufanya kazi ya feni. Likisimama, feni iko peke yake. Tazama mshipi wake kama umelegea au umekatika. Kama feni ni ya umeme, tazama fyuzi, waya na mota yake.

2. Kama mjini ni salama lakini lachemsha mlimani au katika mwendo wa kasi, feni huenda haina kosa. Tazama kifuniko. Tazama rejeta kama vijia vyake vimezibwa na kutu ndani, au matope na wadudu nje. Mwambie mwenzako aongeze mwendo wa injini, nawe utazame mpira wa chini wa rejeta: ukijibana kama mrija unaonyonywa, umechoka, ubadilishwe. Angalia pia kama breki zinashika. Gari linaloburuta breki hufanya kazi ya kupanda mlima hata tambarare.

3. Kama lachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu wa rejeta ungali baridi, shuku themostati haifunguki. Itoe injini ikiwa baridi, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Pasha moto polepole. Lazima ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa muhuri juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine. Lakini kama maji yalibadilishwa juzi, huenda ni hewa iliyonaswa ndani. Jaza tena polepole mpaka hewa yote itoke.

4. Kama maji yapungua kila siku, tafuta njia yanayopita. Tazama viungo vya mipira, tundu dogo lililo chini ya pampu, na zulia la ndani upande wa hita. Maji yakikauka huacha alama ya kutu au ya rangi. Usipoona kitu, pima kifuniko. Kisha fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, uwashe, utazame. Mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni alama za gasketi ya silinda hedi. Ukiziona, usiliendeshe gari. Safari moja zaidi yaweza kugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Katika kupima, anza na vitu rahisi na vinavyoonekana: maji, kifuniko, mipira, mshipi, feni. Halafu ndipo uje kwenye themostati, rejeta, pampu, na mwisho gasketi. Wale mafundi watatu walianzia katikati.

LIKICHEMSHA NJIANI

Kwanza, sindano ikianza kupanda, zima kipoza hewa kama kipo, fungua hita mpaka mwisho, na upunguze mwendo. Hita ni rejeta ya pili ndogo. Utatoka jasho, lakini injini itapumua.

Pili, ikifika penye nyekundu, au ukiona mvuke, egesha mahali salama na uzime.

Tatu, usifungue kifuniko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kuushika bila kuungua na ukiubonyeza ulegee. Hapo weka kitambaa kinene, zungusha kidogo, simama kidogo, ndipo umalizie. Nimelipa karo ya somo hili kwa ngozi yangu, ninyi msilipe tena.

Nne, usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto mkali. Chuma hupasuka, kama glasi inavyopasuka. Ikishapoa, washa injini, ongeza maji kidogo kidogo ikiwa inazunguka taratibu.

Tano, maji ya kijito ni ya dharura tu. Huleta matope na magadi. Ukifika nyumbani, safisha, ujaze kulanti iliyochanganywa kama kitabu cha gari kisemavyo. Magari mengi hutaka nusu kulanti na nusu maji safi. Kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Lakini nyingi ni sumu, tena ladha yake ni tamu. Usiiache mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kuifikia, wala usiimwage uani.

NENO JUU YA THEMOSTATI

Barabarani mtasikia mara nyingi: "Nchi yetu ni ya joto, themostati ya nini? Ing'oe." Msikubali. Bila themostati injini hukaa baridi mno asubuhi, hula petroli zaidi, na silinda huchakaa mapema. Tena katika injini nyingine, themostati inapofunguka huifunga njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi, maji mengine yakazunguka bila kupita katika rejeta hata kidogo. Kwa hiyo ulichofanya ili gari lipoe huenda kikalichemsha.

MWISHO

Magari ya leo yana kompyuta, na fundi aweza kuunganisha chombo akasoma joto la maji kwa tarakimu. Nami ninacho chombo hicho. Lakini hakikuambii kama mpira wa kifuniko umepasuka. Hilo lataka macho na ukucha, na kabla ya macho lataka swali.

Siku hizi gari linapoletwa kwangu, namkalisha mwenyewe juu ya tairi na kumwuliza, kama yule mzee alivyotuuliza. Wengine hukasirika, wakidhani nachelewesha kazi. Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea. Na kuziba ufa kwataka kwanza kujua uko wapi.

Nanyi wanafunzi, mwalimu wenu wa fizikia akiandika ubaoni juu ya msukumo na kuchemka kwa maji, msidhani ni habari ya mtihani tu. Mimi nilidhani hivyo. Siku moja mtakaa katika kiti cha mbele na mtu mnayempenda, sindano ikipanda, na jibu mtakuwa mnalo. Lisemeni.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Gari la jirani yako huchemsha katika foleni za mjini tu. Utatazama kitu gani kwanza, na kwa nini?

2. Dereva aona sindano imeshuka ghafula katikati ya mlima, naye ataka kuendelea na safari. Mweleze kwa maneno machache kwa nini asimame.

3. Kwa nini viazi vinavyochemshwa Kabale huchukua muda mrefu kuiva kuliko vinavyochemshwa Kampala? Na kifuniko cha rejeta kingefanya nini kama sufuria ingekuwa nacho?

Majibu mpelekeeni mwalimu wenu wa sayansi. Atakayekosa la tatu na asome tena habari ya kifuniko.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamani, sasa fundi wa motokaa.